Boya la Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kinda aliingia kwenye karakana ya mjomba wake, fundi baiskeli, akajaza upepo magurudumu mawili ya baiskeli yake nyekundu. Mjomba aliyabonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Hili la nyuma limelala. Ongeza."

"Mjomba, mikono inaniuma!"

"Iache iume hapa. Barabarani hakuna pampu."

Mjomba ndiye aliyewafundisha vijana wa mji ule mbio za michezo mitatu: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, moja baada ya nyingine bila kupumzika. Kinda alikuwa na miaka kumi na minne, na mwezi uliopita tu alikuwa amepandishwa kundi la juu, kundi la wakali wenyewe. Ndiyo maana wakamwita Kinda, kwa kuwa alikuwa mdogo na mgeni kuliko wote. Rafiki yake, Injini, alimtania kwa jina hilo pia, lakini alimtania kwa upole.

Katika mbio zao iliruhusiwa kujificha upepo nyuma ya baiskeli ya mwenzako. Aliye mbele ndiye anayeumia, na akichoka hutikisa kiwiko ili wa nyuma yake apite na kushika zamu. "Asiyeshika zamu ni kupe," mjomba alisema kila siku, "na kupe hana marafiki."

Siku ya mashindano walikusanyika kwenye bwawa kubwa la maji nje ya mji. Nane wa kwanza wangebaki kundi la juu. Wengine wote wangeshushwa. Kinda alilifikiria hilo wiki nzima, na usingizi ulimpaa kwa sababu hiyo. Miguu yake ilikuwa mizuri, lakini majini alikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kila mshindani alifungwa mkanda wenye kifaa cha kupimia muda kwenye kifundo cha mguu.

"Umekaza mkanda?" mjomba aliuliza.

"Nimekaza," Kinda akajibu bila hata kuutazama.

Filimbi ikalia, wakajitosa. Walikuwa wazunguke maboya matatu ya rangi ya machungwa. Walipolipita la pili, ukungu ulishuka juu ya maji, mzito na mweupe, ukameza mtumbwi wa waangalizi, ukameza na kelele za watu ufukoni. Kinda akainua kichwa. Wenzake hakuwaona. Boya la tatu lilikuwa mbali kulia, doa tu lililofifia. Kushoto, karibu kabisa, taa ya kuonyesha mahali pa kutoka majini ilikuwa ikimwekamweka.

"Hakuna anayeniona," alijiambia. Akakata kushoto.

Alitoka majini bila mtu mbele yake wala nyuma yake. Wale wenye kasi walikuwa wameshakwenda, na wenzake wa kasi yake, akina Injini, walikuwa bado wanaogelea. Akavaa kofia ngumu, akapanda baiskeli, akaingia barabara inayozunguka bwawa. Mizunguko mitano. Ukungu ulikuwa umeifunika njia hata asione zaidi ya hatua kumi.

Hapo ndipo alipousikia mlio nyuma yake. Tak. Tak. Tak.

Mtu amejificha nyuma yangu, aliwaza, akafurahi kidogo, maana kuukata upepo peke yake kulimchosha. Akatikisa kiwiko. Hakuna aliyepita. Akatikisa tena.

"Zamu yako!" alipaza sauti.

Kimya. Ila ule mlio tu, tak, tak, tak, karibu sana, kana kwamba gurudumu la yule mtu lilikuwa linataka kugusa lake. Kinda akageuka. Ulikuwa ukungu mtupu.

Akaongeza kasi; mlio nao ukaongeza. Akapunguza, ukapunguza. Akaacha kabisa kukanyaga, baiskeli ikaserereka yenyewe, na mlio ukanyamaza, kama mtu aliyebana pumzi akimsubiri. Alipokanyaga tena, tak.

Kwenye kona ya kwanza alisimama mzee mwenye bendera, kazi yake kuwaonya wapita njia. Kinda alimwona kama kivuli tu.

"Wawili hao!" mzee alipiga kelele. "Pisheni, wanapita wawili!"

Hapakupaswa kuwa na mtu nyuma yake. Lakini hata yeye hakupaswa kuwa pale. Wazo hilo lilipomjia aliogopa kuliko alivyouogopa mlio, akakanyaga huku machozi yakimtoka.

Katika mzunguko wa tatu akina Injini walimkamata. Magurudumu sita yalivuma kwa pamoja, na ule mlio ukazama humo. Injini alikuja ubavuni, uso umejaa matope.

"Kinda! Leo umeogelea kama samaki! Umekuwa peke yako muda wote? Kaa nyuma yangu, upumue."

"Nitashika zamu..."

"Pumua kwanza, bwana wee!"

Injini akaukata upepo kwa ajili yake mzunguko mzima. Kinda alitamani Injini amtukane kuliko amtendee wema ule.

Waliposhuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia, miguu ya Injini ilikuwa imekwisha nguvu. Kinda alimaliza wa nane. Injini akafuata, wa tisa, akajitupa kwenye nyasi na kujifunika uso kwa kofia. Baadaye akanyoosha mkono bila kufunua uso, akampa Kinda chupa yake ya maji.

"Hongera," alisema. Sauti ilikuwa ya kilio.

Kinda hakuyanywa yale maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mwamuzi mkuu, mama mwenye miwani. Mjomba alikuwa amesimama pale akisoma matokeo.

"Shikamoo, mama. Mimi sikulizunguka boya la tatu."

Mwamuzi aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Marahaba. Hakuna aliyetoa taarifa hiyo, mwanangu."

"Natoa mimi."

Kalamu ikapita juu ya jina lake. Wa tisa akawa wa nane. Kinda alilia kwa sauti, wala hakuona haya. Mwamuzi akainama kumfungua mkanda mguuni, kisha akampa mjomba autazame. Ulikuwa umelegea, ncha yake ngumu ikining'inia, na kwenye ncha ile palikuwa na rangi nyekundu.

"Kuna mtu alinifuata, mjomba," Kinda alisema katikati ya kwikwi. "Hata mzee wa bendera alihesabu wawili."

Mjomba akaileta ile baiskeli nyekundu kutoka ilipoachwa, akaigeuza. Kwenye fremu, karibu na kanyagio, palikuwa na mikwaruzo mipya. "Mkanda huu ulikuwa unagonga hapa kila ulipokanyaga. Na yule mzee alihesabu kwa masikio, kwenye ukungu ule angeona nini? Uliniambia umekaza."

"Nilidanganya."

"Basi mara mbili kwa siku moja." Akachuchumaa mbele yake, sauti ikalainika. "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Leo umeiona ilivyo fupi, na umeona pia unavyokuwa peke yako humo. Ungekuwa na kundi lako, kelele hii ungeicheka. Mtu mkweli husikia mkanda. Mwenye hatia husikia mzimu. Kundi la chini si kaburi, mwanangu. Utapanda tena, na utapanda na wenzako."

Asubuhi iliyofuata Kinda alikuwa akijaza upepo Injini alipotokea mlangoni na baiskeli yake. Alikuwa ameshaelezwa yote, na Kinda ndiye aliyemweleza.

"Twende bwawani," alisema Injini. "Nitakukatia upepo."

"Mpaka nusu ya njia. Halafu zamu yangu."

Kinda akainama, akakaza kamba za viatu vyake mara mbili. Walipofika nusu ya njia akapita mbele, upepo ukampiga kifuani. Nyuma yake gurudumu lilivuma. Akageuka, akaona uso wa Injini ukitabasamu.