Tumbo la Karatasi

Kitabu kilikataa kukauka. Mama Gundi, kama mtaa mzima ulivyomwita fundi huyo wa vitabu vyenye maumbo ya miili ya watu, alikianika juani kutwa nzima, na jioni bado kilikuwa na unyevu na joto, kama shuka iliyotoka kulaliwa.

Alikuwa ametengeneza vingi: mgongo wa mama yake wenye kurasa mbavuni, mikono ya majirani wawili iliyoshikana. Hiki kilikuwa tumbo la mdogo wake, mjamzito. Alimlaza mkekani, akambandika karatasi mbichi juu ya ngozi, zikashika umbo, akazibandua taratibu, kisha akashona kurasa tupu ndani yake. Kizazi chake mwenyewe kilishaondolewa hospitalini zamani. Akiwa anashona alinong'ona, kwa mzaha wa mtu anayeumia, "Na mimi nipate japo hiki." Mdomo huponza kichwa.

Kesho yake karakana ilinuka maziwa yaliyochacha. Kabatini, alimokiweka kitabu usiku, alisikia kurasa zikigeuzwa, moja moja, na alipokigusa kitabu, kitu kilimpiga teke kiganjani.

Mchana mdogo wake akaja, amesawijika.

"Dada, mtoto hachezi. Tangu jana hachezi."

Hospitalini walimwambia moyo wa mtoto unasikika kwa mbali, wasubiri. Wasubiri nini?

Wakamwita mganga, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alinusa mlangoni, akavua viatu, akasimama kizingitini asiende mbele. Akawaeleza kwamba jini hupenda nyumba tupu, na huyu alikaribishwa kwa ulimi. Aliyeshona ndiye afumue, na akiitwa asiitikie.

Mama Gundi alishika mkasi. Akakata uzi wa kwanza, harufu ya maziwa ikamjaa kooni, akakata wa pili, na ndani ya kurasa ikatoka sauti ndogo, changa, sauti aliyokuwa akiingoja miaka yote bila kumwambia mtu, ikamwita "Mama", ikamwita tena, akashusha mkasi, na nyuma yake mdogo wake akawa analia, "Dada, nakuomba, kata," naye akakata, machozi yakilowesha karatasi, akakata mpaka uzi wa mwisho, mpaka sakafuni zikabaki karatasi tu, kavu.

"Kacheza," mdogo wake alinong'ona, mikono tumboni. "Dada, mwanangu kacheza."

Wakakumbatiana, wakalia. Mganga akauliza kama aliitikia. Mama Gundi akatikisa kichwa kukataa. Mdomo wake haukufunguka, hilo lilikuwa kweli. Lakini moyoni alikuwa ameitika, tena mara zote mbili.

Aliinama kuokota karatasi. Hapo ndipo, chini ya kovu lake la upasuaji, mahali ambapo hapakuwa na kitu, kitu kikajigeuza.

Mganga alikuwa bado mlangoni, anavaa viatu. Mama Gundi alifungua mdomo amwite, kisha akaufunga, akaweka mkono tumboni.