Baba Aliniuma Nikimfunga Saa

Jamani, nimeng'atwa na baba yangu mzazi.

Sisemi kwa mafumbo. Nimeng'atwa kwa meno, hapa chini ya kidole gumba, mpaka damu ikatoka. Na nilikuwa namfunga saa tu.

Wakati nang'atwa, kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi... anarekodi.

Hakuja kunisaidia. Hata pole hakusema. Alirekodi mpaka mwisho, akatia simu mfukoni, akaaga kama mtu aliyepita kusalimia.

Bado nafunga kidonda kwa leso, nikasikia simu yangu inalia. Grupu la familia. Video ya sekunde kumi na saba, na chini yake kaandika: "Angalieni wenyewe mzee anavyoteswa. Jumapili tukutane tuamue. Mimi namchukua."

Nilikaa chini sakafuni nikalia.

Sasa subirini, msianze kunihukumu kwenye komenti. Nisikilizeni kwanza.

Nyumbani wananiita Nesi. Unesi sijausomea hata siku moja. Nilikuwa na kazi yangu kwenye duka la fotokopi, napata riziki yangu, nacheka na wateja. Miaka miwili iliyopita baba akapigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa, mkono ukawa unaning'inia tu. Maneno nayo yakafungika. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, lakini kinachotoka ni "mmh" na "aah".

Kaka ana mke, ana watoto, ana kazi ya kuondoka alfajiri. Mimi sina mume wala mtoto. Mnajua familia zetu, asiye na mume ndiye mwenye nafasi.

Nikaacha kazi. Na sikuinung'unikia, sitaki kusema uongo. Nampenda baba yangu kupita kiasi.

Nikamfanyia kila kitu. Namlisha, namwogesha, namchana nywele, namfunga vifungo vya shati mpaka kile cha shingoni. Hata kusema namsemea. Daktari akimuuliza, "Mzee, unajisikiaje?" mimi ndiye najibu, "Leo hajambo, usiku kakohoa kidogo." Mpaka daktari akazoea kuniangalia mimi.

Sasa hiyo saa.

Baba alikuwa mpiga chapa. Miaka thelathini na moja amesimama kwenye mashine za kuchapa vitabu vya shule. Saa yake ni ile ya zamani isiyo na betri, ya kuzungusha kitufe kila asubuhi. Imenizidi umri. Alipotoka hospitali mkanda wake ulikuwa umekauka, ukakatika. Saa ikakaa kwenye kikombe juu ya kabati muda mrefu, mimi nina mambo mengi.

Mwezi uliopita nikasema ngoja nimfurahishe mzee.

Nikanunua mkanda mweusi wa kung'aa. Nikamfunga mkono wa kushoto, ule ule aliouzoea maisha yake yote. Nusu saa haikuisha, kauvua kwa meno.

Nikasema labda unabana. Nikanunua wa kahawia, ngozi ya mbuzi, laini mpaka raha. Huo nao kauvua kwa meno. Akaiweka saa pajani, akawa anaisukumasukuma kwenye ule mkono uliokufa huku analalamika, "Aah! Aah!"

Nikamwambia, "Baba, huo sio mkono wako wa saa. Mkono wako ni huu." Nikairudisha kushoto.

Nikanunua wa tatu, wenye mshono wa mkono na bizimu la shaba la kufungia. Huo ndio niliokuwa namfunga siku aliponing'ata.

Haya, mmeelewa sasa? Binti ameacha kazi, anahangaika na mikanda, halafu anang'atwa na kurushwa kwenye grupu.

Watu wakaanza kuandika. "Masikini mzee." "Nesi kachoka, apumzishwe." Binamu mmoja ambaye hajawahi kumletea baba hata chungwa akaweka picha ya uso unaolia.

Shangazi, dada yake baba, ambaye neno lake kwetu halijadiliwi, akaandika mstari mmoja: "Jumapili saa tisa, kwangu. Mzee aje."

Wakimchukua baba, mimi nabaki na nini? Kazi nimeacha. Marafiki walishachoka kunialika. Ningeamka asubuhi nimfanyie nani nini?

Nikajiambia, kosa ni mkanda. Nikipata mkanda sahihi atavaa, atatulia, wakifika Jumapili watamkuta mzee mtulivu na saa yake mkononi. Hayo mawazo yananichekesha leo, lakini mtu anayezama hachagui cha kushika.

Alhamisi nikaenda tena kwa Fundi Kimya, aliyeniuzia ile mikanda yote mitatu.

Huyu ni fundi wa ngozi, anashona mikoba, viatu na mikanda. Wamemwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza.

"Umerudi tena? Huyo mzee anakula ngozi?"

"Fundi, nitafutie laini kuliko zote."

"Laini kuliko ile ya mbuzi ni shavu la mtoto, na hilo siuzi."

"Fundi, sina utani leo."

Akaniangalia mkono uliofungwa leso. Akaweka sindano chini.

"Saa anafungwa na nani?"

"Na mimi."

"Yeye anasemaje?"

"Hawezi kusema."

"Sijakuuliza kama anaongea. Nimekuuliza anasemaje."

Nikakaza fundo la leso mkononi.

"Mlete kesho," akasema. "Mimi napima mkono wa mtu, sipimi hadithi yake."

Ijumaa nikamsukuma baba kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka pale. Chumba kidogo, kinanuka gundi na ngozi, mikanda imening'inia kwenye misumari ukuta mzima. Fundi Kimya akapanga tisa kwenye meza mbele ya baba.

"Shikamoo, mzee. Upi umekuvutia?"

"Atapenda huu wa kahawia," nikasema. "Nyeusi haipendi, na huu mwembamba utamkata."

"Nimemuuliza yeye, dada yangu."

"Najua, lakini yeye..."

"Hebu kaa pale kwenye ndoo."

Kuna ndoo ya rangi imegeuzwa juu chini, ndiyo kiti cha wateja. Nikakaa, nimevimba kwa hasira. Nani anamjua baba yangu kuliko mimi?

Baba akaanza kuishika mikanda mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto. Hakuangalia rangi. Wala hakupapasa ngozi. Alikuwa anaigeuza, anaangalia bizimu tu. Anajaribu kupitisha ncha kwa kidole gumba, inamshinda, anaweka, anachukua mwingine.

Fundi Kimya akanyamaza. Mara ya kwanza kumwona amefumba mdomo.

Kisha akainama chini ya meza, akatoa boksi la vipande. Akachomoa mkanda mmoja mbaya jamani, mnene, una rangi ya matope. Hauna bizimu. Una pete ya chuma upande mmoja, ncha inapita kwenye pete, inarudi nyuma, inashikwa na kifungo cha kubonyeza.

"Huu nilimtengenezea mchomeleaji, hakuja kuuchukua," akasema. Akaupunguza kingo kwa kisu mpaka ukaingia kwenye masikio ya ile saa tuliyokuja nayo, pale mkanda unaposhikia. Akaifunga saa, akamkabidhi baba.

Baba akauweka mezani. Akaunyanyua ule mkono wake uliokufa kama mzigo, akausukumia ndani ya kitanzi. Akavuta ncha kwa vidole vya kushoto. Ikamponyoka.

Nikainuka.

"Kaa," fundi akasema bila kugeuka.

Ikamponyoka tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mimi kwenye ndoo nimekaza meno, mikono inaniwasha kwenda kumshika. Mara ya tatu saa ikapinduka ikaangalia chini. Mara ya nne akavuta, akakaza, akabonyeza kifungo.

Tak.

Baba akacheka. Kicheko chake kabisa, cha zamani, kile cha kutikisa mabega. Sikuwa nimekisikia kwa miaka miwili.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Baba hakuwa anakataa mikanda. Mkono wa kushoto hauwezi kujifunga saa wenyewe, kwa hiyo alitaka saa ihamie kwenye ule uliokufa, ili huu mzima ufanye kazi ya kufunga. Alikuwa ananionyesha kila siku. Na mimi kila siku nairudisha kushoto, naifunga mwenyewe, nambusu kwenye paji, naondoka.

Alinivumilia mpaka akaishiwa. Meno ndiyo maneno aliyobaki nayo.

Nikalia palepale kwenye ndoo. Nikamwomba radhi. Akanipigapiga kichwani kwa ule mkono mmoja. Kisha akavua saa, akaivaa tena, nikamrekodi. Nikasema moyoni, Jumapili mtanitambua.

Jumapili saa tisa tukafika kwa shangazi. Sebule imejaa. Kaka amekaa karibu na mlango kama wakili aliyeshinda kesi kabla ya kusikilizwa.

Sikungoja kuulizwa. Nikaeleza yote, kuhusu mikanda, mkono, na fundi. Nikawaonyesha video yangu. Baba naye akaivua saa mbele yao, akaivaa mwenyewe.

Binamu wa uso unaolia akainamisha macho. Kaka akakohoa.

"Basi sikujua," akasema. "Nisamehe, Nesi. Nitaifuta ile video."

Jamani, nilijiona nimeruka juu. Nikashika mikono ya kiti cha baba tayari kuondoka.

"Subiri," shangazi akasema. "Tumekaa hapa tunamjadili mzee utadhani ni kabati. Tumuulize mwenyewe."

Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Kaka yangu, Nesi anakutesa?"

Baba akatikisa kichwa. Hapana.

"Anakutunza vizuri?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Unampenda?"

Akaitikia, macho yakamlengalenga. Na mimi nikashindwa kuyazuia yangu.

"Basi unabaki naye?"

Baba akaniangalia.

Akatikisa kichwa.

Nikadhani hajasikia vizuri. "Baba, shangazi anauliza kama utabaki na mimi. Anamaanisha..."

"Nesi, nyamaza," shangazi akasema. Kisha kwa upole, "Unataka kwenda kwa huyu?"

Baba akanyoosha kidole kwa kaka.

Mngemwona kaka! Rangi ilimtoka. "Shangazi, mimi... ngoja kwanza. Kwangu mchana hakuna mtu. Mke wangu anarudi jioni. Nani atamlisha? Nani atamvalisha?"

Kumbe yeye alitaka kuonekana tu. Hakutegemea kupewa.

Shangazi akamgeukia baba. "Umesikia? Kwake mchana hakuna wa kukushika. Utajilisha mwenyewe. Utajivalisha mwenyewe."

Na baba yangu akaitikia. Haraka. Mara tatu. Kwa uso wa furaha ambao mimi kwa miaka miwili ya kumwogesha, kumlisha na kumsemea sikuwahi kuuleta.

Yaani hakuwa anaenda kwa kaka kwa sababu kaka anampenda zaidi. Alikuwa anaenda kwa sababu kule hakuna mtu wa kumfanyia.

Ukichukiwa unaweza kugomba. Ukisingiziwa unaleta ushahidi. Sasa mtu anakupenda, anakushukuru, na anaondoka ili apumue... unamshtaki wapi?

Nilimfungashia nguo zake jioni ileile. Nilipotaka kumwinua kuingia kwenye gari akanisukuma mkono taratibu, akashika mlango, akajivuta mwenyewe. Ilichukua muda. Nilisimama tu barabarani nikamwangalia.

Leo ni wiki ya tatu. Nyumba kimya. Kila saa moja asubuhi naamka naweka maji ya kuoga jikoni, halafu nakumbuka.

Wifi ananipa habari. Anamwaga chai, anafuta mwenyewe. Alianguka bafuni Jumanne, akainuka mwenyewe, hakumwambia mtu mpaka walipoona jeraha. Nilitamani kwenda kumrudisha siku hiyohiyo. Shangazi akaniuliza, "Amekuita?" Nikavua viatu nilivyokwisha vaa.

Nimerudi kuomba kazi yangu ya fotokopi. Wamesema wataniangalia.

Nyie mnaouguza wenzenu, mapenzi yangu yalikuwa ya kweli, sijidharau. Lakini nilimpenda baba mpaka nikamnyang'anya mkono mmoja aliobakiwa nao. Ugonjwa ulichukua wa kulia, wa kushoto nilichukua mimi. Kabla hujamfanyia mtu, muulize. Na akijibu kwa namna usiyoizoea, usimrekebishe.

Jana nimekwenda kumsalimia. Nimemkuta anavaa shati. Nilikalia mikono yangu yote miwili, kweli kabisa, niliikalia, mpaka alipomaliza. Dakika ishirini na mbili. Vifungo viwili vimeingia sipo, kola imepanda sikioni.

Akaniangalia kama anauliza.

Nikamwambia, "Umependeza, baba."

Nikatoka nje, nikalia.