Mshale wa Pili

Asubuhi, mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake kabla chai haijachemka. Nje, mumewe kinyozi alikuwa anaosha gari. Lilikuwa gari la zamani la mbio, la milango miwili, aliloachiwa na marehemu baba yake.

"Shemeji, wewe ni mke mdogo," mdogo wake kinyozi alimtania mshonaji. "Mke mkubwa yuko nje anaogeshwa."

Kinyozi aliingia akisugua mguu. "Mke wangu, gari linanichoma. Hapa karibu na gia. Na gia zenyewe zinaingia kwa shida."

"Injini imechemka?" mshonaji aliuliza.

"Hata. Mshale wa joto uko katikati."

Basi mshonaji akashona mto mnene, wakafunika pale kati ya viti viwili vya mbele, juu ya giaboksi. Joto halikusikika tena. Wote wakaridhika.

Jumamosi ndugu wale wawili walitoka kutembea na gari hilo. Kwenye mteremko giaboksi ilikaza ghafla. Magurudumu ya nyuma yaligoma kuzunguka, gari likazunguka lenyewe na kugonga ukuta, upande aliokaa mdogo mtu. Alifariki pale pale.

Baada ya mazishi watu walinong'ona kwamba kinyozi alikuwa anakimbiza gari. Mama yake aliishi nao. Alimpakulia chakula bila kumtazama, na hilo lilimuuma kinyozi kuliko maneno yote ya watu.

Mshonaji alichoka kuona hivyo. Akamwita fundi wa magari, jirani yao. Fundi alifungua giaboksi mbele ya wote watatu.

"Tazameni. Oili hakuna. Imevuja kidogo kidogo kwenye sili, mpira wa kuzuia oili, uliochakaa. Meno yameungua mpaka yakashikana."

"Lakini mshale ulikuwa katikati," kinyozi alisema.

"Ule unapima joto la injini tu. Giaboksi ina oili yake na joto lake. Gari lako halikuwekewa geji ya kulipima."

"Sasa dereva atajuaje?"

"Kwa mwili wake. Sakafu ikiwa moto, gia zikikataa, ukinusa oili inaungua, simama. Gari lipoe, kisha oili ikaguliwe."

Mshonaji alikaa chini. "Mto niliushona mimi," alisema.



Gari lilikuwa hilo moja tu, na mama mkwe alikuwa na miadi ya kliniki mbali. Fundi alinyoosha upande uliogonga ukuta, akaweka giaboksi nyingine, sili mpya na oili mpya. Kisha akafunga kifaa cha kuhisi joto kwenye giaboksi, na geji ya pili mbele ya dereva.

"Kwa gari hili, mshale ukifika nyuzi mia na ishirini, usibishane nao. Simama. Na kila mwezi angalia kama oili inavuja chini."

Siku ya kliniki, mama mkwe alikaa mbele na mshonaji akajibana nyuma. Kwenye mlima mrefu mshale wa pili ulipanda, ukafika mia na ishirini. Kinyozi aliegesha kando, akazima gari.

"Tutachelewa, mama. Nisamehe."

Mama yake aliutazama mshale.

"Na kama huu ungekuwepo siku ile?"

"Tungesimama, mama."

Mama alimgeukia, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Basi tukae, mwanangu. Lipoe."

Walichelewa kliniki, lakini walifika wote.