Sufuria ya Mama Deborah

Siku ya Jumamosi nyumbani kwetu Katindo, mtaa wa Goma, kila mtu ana kazi yake. Baba ni fundi mwashi, naye huondoka asubuhi na mapema kwenda kujenga nyumba za watu. Mama hufua. Mimi Deborah, kifungua mimba, huteka maji kwa bidoni mbili za plastiki, hufagia uwanja wenye vumbi jeusi la volkano, kisha huwasha mbabula, lile jiko letu la makaa. Kazi hizo nilizianza nikiwa na miaka tisa, na sikuwa mtoto wa kuambiwa mara mbili.

Halafu nikapata simu.

Sikupewa kwa sababu niliihitaji. Nilipewa kwa sababu niliwachosha wazazi wangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kila jioni nilimwimbia baba wimbo uleule: "Papa, sixième yote ni mie tu sina telefone!" Ulikuwa uongo mtupu. Darasani tulikuwa hamsini na wawili, na wenye simu hawakufika saba.

"Papa Deborah, mutoto angojee kwanza," mama alisema. "Amalize hata primaire, masomo ya musingi."

Baba naye alichoka kunisikia. Siku moja akanipa simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka pembeni. "Saa moja tu kwa siku, nyuma ya devoir," akaniambia, yaani nikishamaliza kazi za shule. Nikaapa kwa vidole viwili. Wiki ya kwanza saa moja ilikuwa saa moja kweli. Wiki ya tatu nilikuwa nafagia kwa mkono mmoja. Mama akiita, nilijibu "Niko nakuja!" nikabaki palepale nilipokaa. Kabla ya mwezi kwisha, hata chooni tulikwenda wawili, mimi na simu.

Mwezi huohuo jirani yetu Koko Élisabeth akafariki. Alikuwa nyanya yake Kahindo, rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja. Familia yao ni watu wa Butembo, sisi ni wa Masisi. Tulipofika Goma tukikimbia vita, tukiwa na godoro moja na kuku mmoja, ni Koko Élisabeth aliyetuletea sufuria ya kwanza ya maharage. Hakuiacha mlangoni. Aliketi nasi mpaka akaona tumeshiba. Mama hakusahau jambo hilo hata siku moja.

Kwa hiyo siku ya matanga, majirani walipogawana mapishi ya kuwalisha waombolezaji, mama aliomba maharage. Aliyachambua moja moja. Jumamosi asubuhi akaibandika sufuria kubwa, akajifunga kitenge chake kizuri, akaniita.

"Deborah, mie naenda kusaidia kutwanga majani ya sombe kule kwa Mama Kahindo. Weye ubaki na sufuria. Maji ikipunguka, ongeza hii ya moto iko mu birika. Usitoke hapa."

"Ndiyo, mama."

Na sikutoka, jamani. Hilo naweza kuapa. Nilikaa kwenye kigoda, hatua mbili kutoka kwenye mbabula, nikafungua simu nitazame video moja tu ya wasichana wanaoshindana kusuka nywele. Ya kwanza ikaleta ya pili. Ya pili ikaleta vichekesho, vichekesho vikaleta ngoma. Nikasikia harufu ya kuungua. Mnajua niliwaza nini? Niliwaza, "Leo kuna jirani anaunguza chakula, maskini." Nikaendelea kutazama.

Nilipoinua kichwa, moshi ulikuwa unatoka kwenye sufuria yetu.

Niliruka, nikafunua. Juu maharage yalikuwa mazuri, mekundu. Mtu mwenye akili angeyachota yale ya juu polepole, ya chini akayaacha na masizi yake. Mimi nilimwaga birika zima la maji, nikakoroga kwa nguvu mpaka chini, weusi wote ukapanda juu. Nikaongeza vitunguu, nikaongeza nyanya, nikaongeza chumvi. Harufu haikuondoka. Mwishowe nikafunika, nikaufunga mfuniko kwa kitambaa, nikakaza fundo.

Mama alirudi mbio na Mama Umuhoza wa nyumba ya pili, wabebe sufuria.

"Imeivya muzuri?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

Alikuwa na haraka, na moshi wa makaa ulikuwa umejaa uwanja mzima. Hakufungua. Aliniamini. Nilitembea nyuma yao nikiomba njia iwe ndefu, lakini nyumba ya kina Kahindo iko karibu sana.

Chini ya turubai watu walikuwa wengi, wazee kwenye mabenchi, wanawake mikekani. Nilipewa sahani nigawe. Mama akafungua fundo, akainua mfuniko, na harufu ikatoka mbele ya watu wote. Mwanamke mmoja akatia upawa. Ukatoka na vipande vyeusi.

Mzee mmoja aliisogeza sahani yake kando taratibu, kwa adabu. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Ile maharage ni ya nani?" Mwingine akajibu, "Ya Mama Deborah."

Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Aibu ile ilikuwa ya mama, lakini jina lililotamkwa lilikuwa langu.

Mama aliangalia ndani ya sufuria. Kisha akaniangalia mimi, mara moja tu. Halafu akasimama wima mbele ya wafiwa. "Munisamehe," akasema. "Ni mie niliacha ikaungua."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi. Nilinyamaza. Nikamwona Kahindo, macho yamevimba kwa kulia, ananyoosha mkono wake. "Nipe yangu, Deborah," akasema. Akapokea, akaanza kula maharage yale meusi, kijiko baada ya kijiko, ili mama yangu asiaibike. Kahindo, aliyefiwa!

Sikuweza tena. Niliweka sahani chini, nikaenda mkekani alipokaa Mama Kahindo, nikapiga magoti.

"Mama, pardon. Haiko mama yangu. Ni mie niliunguza. Nikaficha, nikafunga na kitambaa."

Mama Kahindo akanigeukia.

"Ulikuwa umeenda wapi?"

"Nilikuwa pale pale, kando ya mbabula."

"Na maharage ikaungua mbele ya macho yako?"

"Nilikuwa naangalia telefone."

Mzee mmoja akaguna. Baba, aliyekuwa ametoka kazini kuja matangani, aliinamisha kichwa, maana kila mtu alijua nani alinipa simu. Akaja, akaninyooshea mkono, nikamkabidhi simu. "Nitaivunja leo hii," akasema.

"Papa Deborah, hapana," Mama Kahindo akamzuia. "Ukivunja, ataliliya ingine. Sikiliza. Mutoto hapewe kisu kwa sababu ameliya. Anapewa siku tunaona mukono wake umetulia. Telefone ni vilevile. Musihesabu miaka peke yake. Siku ataitwa mara moja, aiweke chini, asimame, siku ile mumupe. Na sisi wakubwa tuanze, maana nasi tunaitwa mara tatu tukiwa tumeinamia telefone." Kisha akanishika mkono. "Weye simama. Kuunguza, hata mie niliunguza nikiwa mutoto. Kuficha ndiyo kubaya. Lakini umesema mbele ya batu bote. Sasa enda uombe mama yako pardon, maana yeye ndiye umeumiza."

Siku ile watu walikula bugali na sombe. Maharage yetu yalirudi nyumbani. Tulipoyamwaga nyuma ya nyumba, nilimwomba mama msamaha. Tukasugua sufuria kwa mchanga mpaka masizi yakatoka.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ujue kitu kimoja. Leo nimesema uongo ndani ya nyumba ya Koko Élisabeth, mbele ya bafiwa. Sikupenda. Nilisema kwa sababu ni weye. Usinifanye nirudie."

Heri angenichapa. Kiboko kinauma, kisha kinapoa. Maneno yale hayajapoa mpaka leo.

Baba naye alitangaza sheria. "Telefone inabaki kwangu. Ukiwa na devoir ya kutafuta, utaitumia hapa mezani, tukikuona. Tukikula, hakuna mutu atashika telefone, hata mie." Na wakati wa chakula simu yake ilipolia, aliiangalia kwa uchungu, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

Asubuhi iliyofuata, mama alichambua maharage mengine, maana matanga yalikuwa yanaendelea. Akabandika sufuria, akajifunga kitenge.

"Ubaki nayo," akaniambia.

"Mie, mama? Tena?"

"Weye."

Akaenda. Nilikaa kwenye kigoda. Muda ulikuwa mrefu, sikufichi. Mara mbili mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe, ukakuta hamna kitu. Niliongeza maji, nikapunguza makaa, nikaongeza maji tena. Niliona jinsi maharage yanavyobadilika rangi kidogo kidogo, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa mwezi mzima.

Mama aliporudi, safari hii alifunua sufuria mwenyewe. Akainama, akanusa. Akachota kidogo, akaonja.

"Haya," akasema, "shika upande ule."

Nikashika, tukaibeba pamoja.