Mke Wangu Aliniomba Maoni ya Mchezo Wake

Mke wangu ameondoka... na ruhusa nilimpa mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikidhani namsaidia kazi.

Msinihukumu kwanza. Sikilizeni.

Mimi ni fundi friji. Mke wangu, mtaa mzima unamwita Injinia, anatengeneza michezo ya simu, peke yake, pale pale kwenye meza ya kulia. Huu wa mwisho ulikuwa wa kuku. Kuku anakimbia, mahindi yanadondoka, unayadaka. Raha tupu.

Kila mchezo wake, wa kwanza kuujaribu ni mimi. Na tuna utaratibu: anayejaribu haulizi kitu mpaka amalize, na aliyetengeneza hajitetei. Anakaa nyuma yako kimya, anaangalia unavyohangaika.

Jumapili ile nikacheza. Hatua ya kwanza safi, ya pili ikanitoa jasho. Ya tatu, muziki ukakatika.

Kuku hayupo.

Kuna sebule. Mwanamke amekaa mezani, mwanamume yuko kwenye kochi, macho kwenye simu. Chini kuna vitufe: Msalimie. Mchekeshe. Mwambie unaumwa.

Nikabonyeza cha kwanza. Jamaa hakugeuka. Nikabonyeza vyote, nikarudia mpaka kidole kikauma. Jamaa kama gogo! Mwisho mwanamke akanyanyuka, akaanza kufunga sanduku, na mimi nabonyeza tu... wapi.

Skrini ikawa nyeusi.

"Haya, sema," mke wangu akaniambia. "Usinionee haya."

Nikajitia mtaalamu. Nikamwambia vitufe vyake vimekufa. Akasema ni vizima, ila upande wa pili haupokei. Nikamwambia basi ameuharibu mchezo, umeanza kwa mbio umeishia kwa kilio.

"Na mchezaji akifika pale afanye nini?"

"Atafanya nini? Atabonyeza weee, atachoka, ataondoka zake. Na usimlaumu. Nani atakaa mahali asipojibiwa?"

Machozi yakamlengalenga.

"Asante," akasema. "Nilitaka neno hilo nilisikie kwako."

Nikarudi kwenye simu yangu. Wallahi nilidhani amefurahi...

Niliposikia zipu ya sanduku chumbani ndipo akili ikanirudia. Lile kochi lilikuwa letu. Yule gogo nilikuwa mimi!

Nilimsihi mlangoni mpaka sauti ikakauka. Nikamuuliza, kile kitufe cha kuumwa, ni lini uliniambia unaumwa?

"Nilikwambia," akasema, akapita.

Yuko kwa dada yake. Simu zangu hapokei. Shemeji anasema nimwache apumzike. Nikiuliza anaumwa nini, anakata. Fundi mzima, nafufua friji za watu, na nyumba yangu sijui hata niishike wapi.

Ndugu zangu, mwenzako akikusemesha, inua kichwa. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshazaliwa, ananitazama usoni.

Mchezo ameutoa, na wengi wenu mnausifu. Jana mmoja wenu aliandika kuwa ni mtamu, ila yule mwanamume wa kwenye kochi ametiwa chumvi, hakuna mtu wa hivyo.

Yupo, ndugu yangu. Ndiye anayekuandikia.