Isale la Kaanaeli

Yaliyomkuta Kaanaeli, rafiki wa babu yetu, yalitokea Meru enzi za Mdachi. Siku hiyo alikwenda mferejini kunawa, akateleza, akampiga kikumbo binti aliyekuwa akiteka maji. Kibuyu kikapasuka. Yule binti, Tabea, badala ya kukasirika akacheka. Kesho yake Kaanaeli akamletea kibuyu kipya, akambebea maji mpaka kwao. Wakapendana.

Lakini vijana wa rika lake wakamwona njiani na kibuyu begani. "Kumbe umeolewa!" wakamcheka. Kaanaeli, huku Tabea akisikia, akajibu, "Msichana mwenyewe wala simjui."

Aibu ikamtafuna. Asubuhi moja akakata jani la isale, akalipiga fundo, akashika njia ya kwa kina Tabea. Kwa Wameru, isale ndiyo maombi ya msamaha; akishalipokea mtu, kinyongo kimekwisha.

Migombani ukungu ulitanda, giza kama usiku. Akasikia maji yakitikisika kibuyuni, chwa, chwa, yakimjia. Akainamisha uso kwa haya, akanyoosha jani.

"Tabea, nisamehe."

Mkono wa baridi ukalipokea. "Nimekusamehe," ikajibu sauti ya Tabea.

Alipoinua uso hakumwona mtu; akamfuata kwao, akamkuta Tabea jikoni na mama yake, akimenya ndizi, macho yamemvimba.

"Umekuja mikono mitupu?" Tabea akamwuliza.

"Si nimekupa isale sasa hivi njiani?"

"Leo sijatoka nje, Kaanaeli. Isale langu umempa nani?"

Mlangoni yakasikika maji kibuyuni, chwa, chwa, yakakoma. Kisha, kutoka nje, sauti ile ile ya Tabea ikaita kwa upole:

"Mume wangu, njoo unibebee maji."