Rangi Mpya ya Shangazi

Kila siku ya likizo, Spana alianza asubuhi yake kwa kubeba chupa ya chai. Yeye mbele, mama yake nyuma na kofia ngumu kwapani, mpaka kwenye yadi ya mashine za kutengenezea barabara. Jina lake halisi lilibaki kwenye madaftari ya shule. Hili la Spana alipachikwa na babu yake, fundi wa yadi, kwa sababu alikuwa na miaka kumi na miwili tu na tayari alijua kutofautisha spana namba kumi na saba na kumi na tisa kwa kuzitazama.

Mama alikuwa dereva wa greda. Greda lenyewe lilikuwa zee, lina kelele, linavuja hapa na pale, lakini halikuwahi kuacha kazi ya mtu njiani. Ndiyo maana yadi nzima ililiita Shangazi. Kila asubuhi Mama alipanda, akaweka gia huru, akasema, "Shikamoo, Shangazi," kisha akazungusha swichi. Shangazi alikohoa mara mbili, akanguruma, moshi ukaruka juu. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Jumatatu hiyo hakuitika.

Mama alikuwa amelala nyumbani siku tatu na homa, ndiyo kwanza anarudi. Alikuta ngazi ya greda, vishikio vyake na ubavu mzima karibu na sanduku la betri vinang'aa kwa rangi ya njano. Akamgeukia binti yake, akacheka mpaka akakohoa.

"Umempamba Shangazi kama bibi harusi," akasema.

Spana akainama, moyo umemjaa. Ilikuwa zawadi yake ya kumpa mama pole. Halafu Mama akapanda, akasalimia, akazungusha swichi. Tak. Akazungusha tena. Tak. Taa za mbele ya usukani zikafifia, zikarudi. Hakuna kingine.

Msimamizi wa yadi, kijana wa viatu visafi, akatoka ofisini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kusemwa na wakubwa wake kwa ajili ya mashine kuukuu. Akamkumbusha Mama walivyokubaliana: siku Shangazi akigoma, anakwenda kwenye vyuma chakavu, na greda jipya litakuja na dereva wake. Saa sita lori lingepita kuchukua buldoza bovu, na nafasi ya mashine moja zaidi ilikuwepo. Mama alibaki kitini, mikono kwenye usukani, kama abiria aliyeambiwa ashukie njiani.

Babu akaja na kisanduku chake cha vifaa, akitembea polepole kwa sababu ya mgongo. Babu alikuwa na utaratibu wake: hafungui hata nati moja kabla hajauliza swali.

"Nani aligusa Shangazi mwisho, na aligusa nini?"

Mama akasema yeye alikuwa kitandani. Mlinzi akasema alimwagia maji matairi, basi, na kama matairi ndiyo yanawasha injini basi afungwe yeye. Watu wakacheka. Babu akamtazama mjukuu wake.

"Nilipaka rangi ngazi," Spana akasema. "Kama ulivyoniruhusu."

Babu akaitikia kwa kichwa, akaanza kazi. Akapima betri zote mbili kwa mita yake. Kila moja ilikuwa na volti kumi na mbili na nusu. Nzima. Akasugua vichwa vya betri kwa mswaki wa zamani, akilalamika kwamba brashi yake mpya ya kufutia vumbi haionekani tangu Ijumaa. Huku anasugua, anamfundisha Spana kama kawaida yake. Starta, ile mota ya kuamshia injini, ina ulafi wa umeme, akasema. Taa inaweza kuwaka kwa umeme kidogo tu, lakini starta inataka mwingi kwa mkupuo, na umeme mwingi unataka chuma kwa chuma. Kitu chochote kikikaa katikati, hata utando mwembamba, starta itabaki kusema tak.

Spana akautazama ule ubavu wa njano. Maana hakupaka ngazi tu.

Alitaka kusema. Lakini Mama alikuwa ameshuka na kusimama pale pale, macho mekundu, na msimamizi alikuwa ameshika simu. Akajiambia labda si hilo. Labda Babu atagundua mwenyewe.

Babu hakugundua. Akafungua waya za betri, akajilaza juu ya kokoto, akaingia chini ya greda akiguna. Aliitoa starta kwa shida, kitu kizito kama ndoo ya maji, na ilipoponyoka ikambana kidole hadi damu ikatoka. Akakifunga kwa kitambaa cha mafuta. Akaiweka starta chini, akaikanyaga kwa buti isiruke, akaiunga moja kwa moja na betri kwa nyaya nyingine. Ikazunguka kwa nguvu, ikavuma.

"Nzima," akasema taratibu. "Betri nzima, starta nzima."

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akatazama mikono yake. "Labda ni mimi," akamwambia Mama kwa sauti ya chini. "Labda nimezeeka, mwanangu. Wangetupakia wote wawili kwenye hilo lori, mimi na Shangazi."

Hapo Spana akashindwa kuvumilia.

"Babu, sikupaka ngazi tu. Nilifungua ule waya mnene mweusi wa betri, pale unapofungwa kwenye mwili wa greda. Kwa spana namba kumi na tisa. Kulikuwa na kutu. Nikapaka rangi chini yake, halafu nikaufunga juu ya rangi."

Babu akainua macho.

"Ulijua lini?" Babu akauliza.

"Uliposema chuma kwa chuma."

"Ilikuwa saa mbili hiyo. Sasa ni saa nne na nusu."

"Ndiyo, Babu."

Alingoja kugombezwa. Babu akanyanyuka, akajinyoosha mgongo. "Lete msasa."

Walirudisha starta watatu, Mama akiishikilia kwa chini, Babu akikaza bolti. Kisha Spana akafungua ule waya, akasugua. Rangi yake nzuri ya njano ikadondoka kama unga, mpaka chuma kikatokea cheupe, kinametameta. Babu akaufunga waya juu yake na kuzirudisha nyaya za betri. Lori lilikuwa tayari linaingia getini.

Mama akapanda, akaweka gia huru, lakini hakusalimia. "Msalimie wewe," akamwambia binti yake.

"Shikamoo, Shangazi."

Swichi ikazunguka. Shangazi akakohoa mara mbili, akanguruma, na moshi ukapanda juu ya yadi. Msimamizi akaziba masikio, akatabasamu, akamwonyesha dereva wa lori lilipo buldoza. Mama alishuka, akamvuta Spana kifuani, kofia ngumu ikamgonga kichwani.

Baadaye Spana alimwosha babu yake kile kidole na kukifunga kwa kitambaa safi.

"Kupaka rangi pale ni kosa la kutojua," Babu akasema. "Mimi nimewahi kusahau tambara ndani ya injini, na sikufa. Lakini mashine haina mdomo, mjukuu wangu. Aliyeigusa mwisho ndiye anayeisemea. Ulinipa nusu ya jibu, na ile nusu uliyobaki nayo ndiyo niliyokuwa naitafuta kule chini na mgongo huu. Ukikosea, sema mapema na useme lote. Wanaokupenda wasiumie kutafuta unachokijua."

"Nimeelewa, Babu."

"Haya, nijibu upya. Nani aligusa Shangazi mwisho, na aligusa nini?"

"Mimi. Nilipaka ngazi, vishikio na ubavu. Nikafungua waya mweusi." Akameza mate. "Na rangi nilipaka kwa brashi yako mpya."

Babu akafumba macho kidogo, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Hilo," akasema, "ungelisubirisha mpaka kidole kipone."